Safari ya Machi Ziwani: Lala Huko Siku Moja Kabla

Wiki hii msomaji kaniandikia: "Dada, nataka kumpeleka mama mkwe Ukerewe mwezi wa tatu. Tarehe gani haina mvua?" Mdogo wangu, hiyo tarehe haipo. Machi ndipo masika yanapoanza huku kwetu Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Asubuhi Kirumba jua kali, umeanika mpaka godoro. Mchana umejibanza kwa mama ntilie, umelowa chapachapa.

Lakini safari inawezekana, na nimewaonyesha watu juzijuzi tulipopeleka mahari Nansio, mjini kisiwani Ukerewe. Ukweni walitutaka Jumamosi saa nne asubuhi. Kwenye kikao nikasema tuondoke Alhamisi. Weee! Shemeji yangu mmoja akanicheka mbele ya wazee, eti nataka kutalii kwa michango ya watu. Tuliokubali tukapanda meli Alhamisi, masaa matatu na ushee, ziwa shwari, watoto wanatafuna karanga.

Usiku wa kuamkia Ijumaa ndipo ngoma ilipoanza. Kama saa tisa radi zikaanzia ziwani, bati la gesti likapigwa kama linamwagiwa kokoto. Wenyeji wala hawakushtuka. Usiku nchi kavu hupoa upesi, maji yakabaki na joto. Pepo za kutoka nchi kavu pande zote zinakutana ziwani, hewa inapanda, wingu linajijenga na kupasuka kabla hakujakucha. Wavuvi wa dagaa, ambao kazi yao ni usiku, wanalijua hilo kuliko mimi na simu yangu.

Shemeji na wenzake walipanga kuvuka Ijumaa. Walipoyaona mawimbi wakaamua kuzunguka kwa gari: Magu, Lamadi, Bunda, hadi Kisorya, wavuke na kivuko kwenda Rugezi, upande wa Ukerewe. Jumamosi wanaingia, sufuria za pilau zinasuguliwa. Suruali ya suti ina tope mpaka magotini. Nikamkaribisha chai. Mpaka leo hajanena neno, na kikao cha kufunga hesabu kilimpongeza dereva. Dereva!

Sasa nisikilizeni. Siku ya kuvuka isiwe siku ya shughuli. Lala huko siku moja kabla, mbili ukiweza. Gesti ya usiku mmoja ni nafuu kuliko aibu ya ukweni. Fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa: wakitoa angalizo, jiandae, ikiwa tahadhari, ahirisha, tahadhari kubwa, kaa nyumbani na usimpigie mtu simu kumuuliza maoni yake.

Na jambo linaloniudhi kuliko yote: meli ikiahirishwa, watu wanakimbilia mtumbwi wa injini uliojaa pomoni, bila jaketi la kuokolea, ili tu wawahi sherehe. Kanda hii ilizika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, ikazika tena wa MV Nyerere pale Ukara mwaka 2018. Vyombo vyote viwili vilijazwa kupita kiasi. Bado mtu anamgombeza nahodha kwa kukataa kung'oa nanga?

Kurudi nako kuna mambo yake. Wengi wanaomba ruhusa kazini mpaka Jumapili, Jumatatu saa mbili wawe ofisini. Omba na Jumatatu. Bosi akikataa, mwambie mama mkwe mtakwenda Julai, mvua zikiwa zimekatika.