Una gari ya wazi ya zamani unataka kuitoa sadaka? Soma hii kwanza

Wengi tunaoishi huku Marekani tukishapata watoto ile gari ya ujana ya viti viwili inabaki gereji inakula vumbi na hela ya bima, kuiuza roho inauma, kuiendesha huna nafasi maana kiti cha mtoto utakifunga wapi, basi siku unasikia tangazo redioni, tupe gari yako tuwasaidie wahitaji, piga simu tu brekidauni inakuja mlangoni bure na kodi unapunguziwa. Ni kitu kizuri na mimi yangu nimeitoa, Mazda Miata ya 1999, hapa Columbus, Ohio, na nafurahi mpaka leo kwamba niliitoa. Ila ndugu zangu, gari ya kufunua paa siyo Corolla. Ukiitoa kama unavyotoa Corolla mhitaji anaambulia kidogo sana kuliko alichostahili, ndo maana naandika.

Jua kwanza gari inaenda wapi. Mashirika mengi ya hisani hayana hata yadi ya magari, kazi yote wanaipa kampuni nyingine, inakuja kuvuta gari, inaipeleka mnadani, inakata gharama na kamisheni yake, kinachobaki ndo kinafika kwa shirika. Na mnadani wanaonunua ni wafanyabiashara, hawana habari kwamba umeitunza, wakiona mwaka na maili wanataja bei ya chini, na kama haiwaki ndo basi tena, inahesabiwa chuma chakavu. Wakati huohuo kuna watu wanaitafuta kwa udi na uvumba! Miata imeanza kuuzwa 1989, mpaka 2016 zilishatengenezwa zaidi ya milioni moja, ina klabu za wapenzi wake karibu kila jimbo na spea zake zinapatikana, hao wapenzi wakiikuta iliyotunzwa wanatoa hela ya maana.

Kwa hiyo kabla hujasaini chochote piga simu uulize, mnauza wenyewe au mnapeleka mnadani? Kwenye kila dola 100 itakayopatikana nyie mnabaki na ngapi? Anayezungukazunguka kujibu muage kwa heshima utafute mwingine. Halafu ingia kwenye tovuti ya IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, kuna sehemu ya kutafuta mashirika, hakikisha lipo na ni 501(c)(3) kweli, yaani shirika la hisani linalotambuliwa kisheria, majina ya haya mashirika yanafanana sana. Mimi niliishia kwa shirika dogo la hapa mjini linalopokea familia za wakimbizi, Wakongo na Wasomali wengi, nikaongea na dada anayeshughulikia michango akaniambia wazi, kaka familia ina watoto watano hii gari hawawezi kuitumia, lakini tunaye mtu wa kujitolea anajua magari, subiri baridi iishe tuiuze sisi wenyewe. Wakaiuza Aprili. Gari ya wazi bwana huwezi kuiuza Desemba Ohio, theluji imejaa nani anawaza kufunua paa, ikifika masika kila mtu anaitaka.

Kama hupati shirika la namna hiyo basi iuze mwenyewe kwa hao wapenzi, hela yote ulipeleke shirika. Usumbufu upo, ila kwa mtazamo wangu hii ndo njia inayomfikishia mhitaji kingi zaidi.

Sasa kodi, hapa watu wanadanganyana sana. Tangu 2005 huwezi tena kujipangia thamani kutoka kwenye vitabu vya bei. Shirika likiuza gari kwa zaidi ya dola 500, unachoruhusiwa kudai kipunguzwe kwenye kipato chako kinachotozwa kodi ni kile kiasi ilichouzwa, basi, hata kama wewe unaamini ina thamani mara tatu yake. Ikiuzwa dola 500 au chini unaweza kudai thamani yake sokoni ila isizidi 500. Kuna nafuu kama shirika linaitumia lenyewe kwa kazi zake au linaifanyia matengenezo makubwa, lakini Miata ya viti viwili nani atasambazia chakula nayo. Ndani ya siku 30 baada ya kuuza wanatakiwa wakupe Fomu 1098-C inayothibitisha umetoa gari, na wewe unajaza 8283, fomu ya michango isiyo ya fedha. Na hayo yote yana maana kama unaorodhesha makato yako moja moja, sasa kwa mwaka wa kodi 2025 makato ya kawaida, yale unayopewa bila kuorodhesha chochote, yalikuwa dola 15,750 kwa mtu mmoja na 31,500 kwa wanandoa wanaojaza pamoja, wengi wetu hatufiki huko, maana yake gari haikupunguzii hata senti. Toa kwa sababu unataka kutoa.

Kuna watakaouliza kwanini usiipeleke nyumbani. Usukani uko kushoto, Kenya gari iliyozidi miaka 8 haiingii, na Bongo kuna ushuru wa uchakavu. Nilishaachana na hilo wazo.

Kuhusu gari yenyewe, nguvu zako weka kwenye paa. Nyuma ya viti, kila upande, kuna kimfereji kinachoshusha maji ya mvua mpaka chini ya gari, majani yakiziba maji yanarudi ndani, zulia linaoza na gari inanuka ukungu, mnunuzi akifungua mlango tu pua imeshamwambia. Nilipitisha kamba laini ya plastiki taratibu, ikatoka na tope jeusi na majani ya msimu uliopita, nikamwaga kikombe cha maji nikasikia yanadondoka chini ya gari kwenye sakafu ya gereji, hapo ndo nikajua pako sawa. Turubai la paa lisugue kwa brashi laini na sabuni kidogo, uliache wazi likauke kabisa kabla ya kulikunja. Kutu chini ya milango usiifiche kwa rangi, huku chumvi ya barabarani inazila sana hizi gari, piga picha uwape watu wa shirika wawaonyeshe wanunuzi. Na waambie kama mkanda wa taimingi umebadilishwa, risiti ukiwa nazo ziache kwenye droo ya mbele.

Kadi ya umiliki andika jina la shirika, usiache wazi hata kama dereva wa brekidauni atakuambia ndo utaratibu. Ohio sahihi yako lazima iwekwe mbele ya notari, yaani afisa anayeshuhudia sahihi, kwahiyo usisaini nyumbani ukaenda nayo tayari. Plate namba toa, kifaa cha kulipia barabara toa, rimoti ya geti toa. Na bima ukate baada ya gari kuondoka na umiliki kuhamishwa, siyo kabla, maana ikigonga mtu bado ina jina lako wa kwanza kutafutwa ni wewe.