Wasomaji Wanauliza: Majani Yanayozuia Virusi Maabara na Chai ya Nyumbani

SWALI: Nyumbani kwetu mtu akishikwa na mafua makali au kifua, tunamchemshia artemisia, ambayo wengine huiita pakanga. Mwanangu aliyeko chuoni ameniambia kwamba wanasayansi wameona maji ya mmea huu yakizuia virusi vya korona. Mbona basi hospitali hazitupatii? Au ni kudharau dawa zetu? – Mama Salma, Tanga

JIBU: Mama Salma, mwanao amesema kweli, ila kuna sehemu ya habari hiyo ambayo haikukufikia. Majaribio anayoyataja yalifanywa kwenye seli zilizooteshwa katika vyombo vya maabara, ambamo maji ya majani huvizunguka virusi moja kwa moja, kwa kiwango ambacho mtafiti amekipanga. Kikombe cha chai hupita kwanza tumboni na kwenye ini, na kinachobaki hadi kufika mapafuni huenda kikawa kidogo mno. Artemisinini, ambayo ndiyo kiambato mashuhuri cha mmea huo, ilihitajika, ili izuie virusi, kwa kiwango kikubwa kuliko kile kinachofikiwa katika damu ya mtu aliyemeza dozi za kawaida. Zaidi ya hayo, watafiti waliolinganisha majani ya asili mbalimbali waligundua kwamba uwezo wa kuzuia virusi haukwenda sambamba na wingi wa artemisinini, jambo linaloonyesha kuwa huenda kazi hiyo inafanywa na kitu kingine ndani ya jani, na kitu ambacho hakijatambuliwa hakiwezi kupimiwa dozi.

Sifa ya artemisia ilitokana na malaria. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi Tu Youyou wa China aliona kwamba joto la kuchemsha liliharibu nguvu ya mmea, na baada ya kusoma maandishi ya tabibu wa kale wa China, Ge Hong, yaliyoelekeza majani yalowekwe na kukamuliwa, akaitoa artemisinini kwa kutumia etha, kimiminika cha kuyeyushia, katika joto dogo. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa hiyo huamshwa na madini ya chuma ambayo kimelea cha malaria huyaachia kinapomeng'enya damu yetu. Kirusi hakili damu, kwa hiyo ushindi dhidi ya malaria hauwezi kuwa ushahidi dhidi ya mafua.

Ama kuhusu dharau, naelewa uchungu wako, na ni kweli kwamba waganga wetu wamebezwa kwa miaka mingi. Lakini chujio la kupima dawa kwa wagonjwa halichagui asili ya dawa. Mafua mengi hupona yenyewe ndani ya siku chache, na chochote alichokunywa mgonjwa hupewa sifa, ndiyo maana lazima liwepo kundi la kulinganishia lisilopewa dawa inayochunguzwa. Mwezi Juni 2020, utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao RECOVERY uliikataa haidroksiklorokwini, dawa ya kiwandani iliyokuwa imezuia virusi maabara, na mwezi huohuo ukaonyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kinyume chake, kinywaji cha artemisia cha Madagascar kilizinduliwa na Rais Andry Rajoelina mwezi Aprili 2020, na nchi yetu ikatuma ndege kukichukua mwezi uliofuata, ilhali mwongozo wa majaribio ya hatua ya tatu, yaani yale ya wagonjwa wengi, ya dawa za mitishamba uliidhinishwa na Shirika la Afya Duniani na wenzake Septemba mwaka huo. Nasikitika kwamba shangwe ilitangulia kipimo, kwa sababu mmea wenyewe ulistahili kupimwa kwa heshima.

Tangawizi na mchaichai endelea navyo, vinatuliza koo. Artemisia nakusihi uiache: Tanga kuna malaria, na chai yenye dozi isiyojulikana inaweza kuviacha hai vimelea vilivyo sugu. Mwenye homa apimwe malaria, na anayepumua kwa shida apelekwe hospitali bila kungoja.

SWALI: Babu yangu alituachia mzizi wa kutibu kifua. Nawaogopa watafiti wasije wakauchukua. – Msomaji, Njombe

JIBU: Hofu yako ina msingi. Mzizi wa Pelargonium sidoides, unaotumiwa kwa kifua na jamii za Afrika Kusini na Lesotho, uliwekewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, na kampuni ya Ujerumani. Jamii ya Alice, katika Rasi ya Mashariki, ikapinga, na Januari 2010 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ikafuta mojawapo ya hataza hizo. Mwaka huohuo Itifaki ya Nagoya, ambayo ni mkataba wa kimataifa, ilipitishwa, ikitaka wenye maarifa ya jadi waombwe ridhaa na wagawiwe faida.

Unaweza kwenda Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Muhimbili au Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, lakini dai mkataba wa maandishi kabla hujautaja mti wenyewe, na andika sasa, kabla wazee hawajaondoka, ni kiasi gani babu alikuwa akipima na kwa siku ngapi. Mkishasaini, peleka tawi lenye majani na maua pamoja na mzizi, kwa kuwa mzizi peke yake hautoshi kumwezesha mtaalamu kuutambua mti.