Shangazi, nisaini barua ya kuacha kazi?

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, niko Mwanza, mwaka wa tatu huu nakata minofu ya sangara kiwandani. Nina selimundu tangu utotoni. Baridi ya mle ndani ikinikamata, mifupa inauma mpaka nalazwa. Mwaka huu mara nne. Juzi afisa utumishi kanipa barua iliyokwisha kuchapwa, eti naacha kazi kwa hiari yangu. Nikisaini napewa kifuta jasho, nikikataa nafukuzwa bila senti kwa kuwa nilipoajiriwa sikusema naumwa. Mwisho Ijumaa. Mama anasema nisaini tu.

Marahaba, mwanangu. Usisaini.

Jiulize: kama wanaweza kukufukuza kirahisi hivyo, kifuta jasho cha nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi athibitishe kwamba ana sababu halali na amefuata utaratibu. Ukishaandika "kwa hiari yangu", mzigo huo umemtua yeye na kujitwika wewe. Ndiyo maana barua imechapwa kabla hujaitwa.

Sasa toa zile karatasi zako za ED, yaani vyeti vya daktari vya kukupumzisha kazi, uhesabu siku. Katika kila miezi 36 una haki ya siku 126 za ugonjwa: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Ikiwa kila mara ulilazwa wiki moja, mwaka huu umetumia 28. Jumlisha na za nyuma. Lakini siku isiyo na cheti cha daktari mwajiri halazimiki kuilipa, kwa hiyo ulizougulia nyumbani kwa panadol na maji ya moto, zisahau. Na vyeti usimwachie mtu. Peleka nakala, halisi zikae kwa mama.

Kabla ya Ijumaa nenda kliniki yako, umwombe daktari aandike waziwazi kwamba baridi inakuamshia maumivu. Ambatanisha na barua yako ya kuomba kuhamishiwa kwenye joto, iwe stoo ya maboksi au getini kwenye mizani, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mwajiri anatakiwa akusikilize na aangalie kama ipo kazi nyingine unayoiweza kabla hajafikiria kukuachisha. Sikudanganyi: kama kweli haipo, anaweza kukuachisha kwa ugonjwa, ila kwa utaratibu na kwa kukulipa stahili zako.

Wakikufukuza, una siku 30 tu za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na ofisi ipo hapo hapo Mwanza. Watu wengi huzimaliza wakisubiri bosi apoe. Kama kiwandani kuna tawi la chama cha wafanyakazi, mwone katibu leo, aingie nawe Ijumaa.

Kuhusu kuficha ugonjwa, sitakusema. Mwenye njaa hatangazi maradhi yake mlangoni pa ajira. Ila kama kuna fomu uliulizwa ukajaza "sina", mweleze katibu mapema, asije akashtukizwa nayo mezani.

Mama usimgombeze, amekesha nawe wodini mara ngapi? Mwambie tu shangazi kasema hatujagombana na mtu bado. Tumeomba kuhamishwa kitengo.