Mbona kinga ya mwili haipambani na bakteria waliovurugika ukeni?

SWALI: Habari daktari. Nimepimwa tena na kuambiwa nina vajinosisi ya bakteria. Kwenye fomu ya maabara wameandika pH 5.5, seli zilizofunikwa na bakteria zipo, chembe nyeupe za damu chache. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Kama bakteria ni wengi hivyo, chembe nyeupe zimekwenda wapi? Ina maana kinga yangu imelala? Na je, nikinywa vidonge vya kuongeza kinga, hali hii itaacha kujirudia?

JIBU: Dada, aliyekupima hajakosea, na kinga yako haijalala. Hayo majibu ndiyo sura halisi ya tatizo hili.

Nikiweka ute wa namna hiyo chini ya hadubini, kitu cha kwanza ninachokiona ni zile seli pana, bapa, za ukuta wa uke. Kwa mwanamke asiye na tatizo kingo zake huonekana wazi kabisa. Kwako zitakuwa zimevamiwa na vijidudu vidogo hadi ukingo umepotea, hujui seli inaishia wapi. Laktobasili, wale bakteria warefu wenye umbo la fimbo ambao ndio wenyeji wa mahali hapo, hawaonekani au wamebaki wawili watatu. Na chembe nyeupe, ambazo mtu angetarajia kuzikuta zimejazana, ni za kuhesabu. Zikiwa nyingi ndipo mimi huanza kuwa na shaka, kwa sababu huenda kuna kitu cha pili kimejificha: trikomonasi, kisonono au klamidia.

Tuanze na hali ya kawaida. Homoni ya estrojeni hufanya seli za uke ziweke akiba ya glaikojeni, aina ya wanga. Glaikojeni ikivunjwavunjwa, laktobasili huila na kutoa asidi ya laktiki, na pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imeongezeka) hubaki chini ya 4.5. Wengi huishia hapo, kwamba asidi inaua bakteria wabaya. Ni kweli, lakini ina kazi nyingine isiyosemwa sana: asidi hiyo huzituliza seli za ukuta wa uke zisitoe kemikali za uvimbe ovyo. Kwa hiyo uke wenye afya una bakteria wengi sana na hauna vita.

Laktobasili wakipungua, nafasi yao huchukuliwa na kundi zima: Gardnerella, Prevotella, Fannyhessea, Sneathia na wengine wasiohitaji oksijeni. Nasema kundi kwa makusudi. Gardner na Dukes, waliomwelezea Gardnerella kule Marekani mwaka 1955, walimwotesha maabara na kumweka ukeni kwa wanawake 13. Hali hiyo ilimpata mmoja tu. Walipotumia ute wenyewe kutoka kwa wagonjwa, iliwapata 11 kati ya 15. (Leo hakuna kamati ya maadili ingeruhusu jambo hilo, na ni vizuri hivyo.) Kundi hili huishi kwa kulishana. Prevotella hutoa amonia ambayo Gardnerella huitumia kukua, na wengine hutoa amini, ambazo ndizo zinazoleta ile harufu ya shombo.

Sasa kinga. Seli za ukuta wa uke zina vipokezi vinavyotambua vipande vya bakteria. Kundi hili likishika nafasi, vipokezi hivyo huamka na kemikali ya hatari iitwayo interlukini-1 beta hupanda. Ukiipima kwenye ute wa mwanamke mwenye vajinosisi unaikuta juu. Maana yake mwili umeona. Kwa kawaida baada ya hapo interlukini-8 nayo hupanda kwa nguvu, na hiyo ndiyo inayoziita neutrofili, chembe nyeupe za mstari wa mbele, zile zinazotengeneza usaha. Kwenye vajinosisi interlukini-8 haipandi kwa kiasi kinacholingana na hatari. Mbiu ya mgambo imelia, vijana hawakutoka.

Kwa nini hawatoki? Hapa bakteria wenyewe wana mkono. Baadhi yao, Gardnerella na Prevotella wakiwemo, hutoa kimeng'enya kiitwacho sialidezi. Hicho hukata sukari zilizo kwenye ncha za ute unaolinda ukuta wa uke, ute ukawa mwepesi na kupoteza nguvu yake. Vilevile hukata sukari hizohizo kwenye kingamwili aina ya IgA, na ikishavuliwa hivyo huwa rahisi kumeng'enywa. Wanawake ambao ute wao una sialidezi nyingi huonekana kuwa na interlukini-8 pungufu. Pia bakteria hawa hutoa asidi ya suksiniki, ambayo katika vipimo vya maabara imeonekana kuzizuia neutrofili kusogea kuelekea zinakoitwa. Na chini ya yote hayo kuna utando: Gardnerella hujishikiza kwenye ukuta wa uke kwa tabaka nene ambalo chembe za kinga hulipenya kwa shida. Dawa nazo hivyohivyo.

Kuna jambo moja ambalo mimi binafsi huwa linanistaajabisha. Gardnerella anayo sumu, vajinolisini, inayotoboa matundu kwenye seli. Ili ishike, huitafuta protini ya CD59 juu ya seli ya binadamu. Kazi ya CD59 ni kuikinga seli isije ikashambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe. Yaani sumu hiyo hujishikiza kwenye ngao yenyewe.

Usichukue ukosefu wa usaha kuwa ni ukosefu wa madhara. Uvimbe wa chinichini upo. Chembe za CD4, ambazo VVU huzitafuta, huwa nyingi zaidi na zenye kuamka kwenye ukuta wa uke, huku ute wa kinga ukiwa umeliwa. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha mwanamke mwenye vajinosisi ana hatari ya kupata VVU iliyo juu kwa takriban asilimia 60 kuliko asiye nayo. Hatari ya kujifungua kabla ya wakati nayo hupanda, kwa hiyo ukiwa mjamzito na una dalili, waambie kliniki mapema.

Vidonge vya kuongeza kinga? Okoa pesa yako. Tatizo lako si uhaba wa askari. Na ukiweza kweli kuichochea kinga mahali hapo bila kurudisha laktobasili, unachokiongeza ni uvimbe, na uvimbe ndio unaozivuta zile CD4.

Kujirudia kuna sababu zake. Metronidazoli, dawa inayotumika sana kutibu tatizo hili, huwapunguza bakteria hawa vizuri, dalili zikaisha, lakini ule utando wa Gardnerella mara nyingi haung'oki wote. Kisha anayejaza nafasi baada ya dawa aghalabu ni Lactobacillus iners, ambaye kwa jina ni laktobasili ila kwa ulinzi ni dhaifu. Huishi na Gardnerella bila shida. Mlinzi hasa ni Lactobacillus crispatus, na yeye harudi kirahisi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2020 lilimweka crispatus ukeni moja kwa moja baada ya dawa: ndani ya wiki 12 tatizo lilijirudia kwa asilimia 30 ya waliompata, na asilimia 45 ya waliopewa dawa bandia isiyo na kitu ndani. Amesaidia, hajamaliza. Mtindi na vidonge vya bakteria wa tumboni kwa kawaida havina huyo crispatus, basi usitarajie vifanye kazi yake. Kuosha ndani ya uke nako kuache kabisa, hata kwa maji matupu, unawaondoa wenyeji.

Ambalo ningekuuliza kabla ya yote ni hili: una mwenzi mmoja wa kiume wa kudumu? Kwa miaka mingi sisi wataalamu tulisema hakuna haja ya kumtibu mwanamume. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo kutoka Australia yaliyobadilisha msimamo huo. Wanaume walipewa vidonge vya metronidazoli pamoja na krimu ya klindamaisini, dawa nyingine ya bakteria, ya kupaka uumeni, kwa siku 7, sambamba na matibabu ya wenzi wao. Ndani ya wiki 12 tatizo lilijirudia kwa asilimia 35 ya wanawake hao, dhidi ya asilimia 63 ya wale waliotibiwa peke yao. Majaribio ya zamani yalitumia vidonge tu, na bakteria wa kwenye ngozi ya uume walikuwa wanabaki palepale. Basi kama unaye, safari ijayo ya kumwona daktari nenda naye, na mwombe daktari awaandikie wote wawili: wewe dawa yako, yeye vidonge na krimu.