Kwa nini hatumtafuti mshawishi wa mitandaoni kwa programu moja

Wateja wetu wakiona tunalipia programu kadhaa za kutafutia washawishi, huuliza kama moja isingetosha. Haitoshi. Kila programu ina swali inaloliweza, na ukiibebesha mengine itakujibu, lakini kwa kukisia.

Swali jepesi ni nani yupo. Modash na Upfluence zinakuchujia watu kwa mada, lugha, mahali na idadi ya wafuasi. Mitandao yenyewe nayo ina masoko rasmi ya watengeneza maudhui, yaani sehemu ambako kampuni huwatafuta watu wa kufanya nao kazi. La Instagram lilianza kujaribiwa Marekani mwaka 2022. Humo takwimu ni za uhakika zaidi, ila unawaona waliojiunga tu. Kichujio cha lugha usikitegemee sana, hasa kwa watu wanaochanganya lugha katika sentensi moja. Hao nawapata kwa mkono: napitia hashitegi, kisha naangalia watengeneza maudhui wazuri wanamfuata nani.

Swali gumu ni wafuasi hao ni akina nani, na hapo ndipo pesa za wateja hupotelea. Baada ya kashfa ya mwaka 2018 ya Cambridge Analytica, kampuni iliyopata data za mamilioni ya watumiaji wa Facebook bila idhini yao, Facebook ilibana sana data ambazo programu za nje zinaweza kuchukua, Instagram ikiwemo. Kwa hiyo programu isiyo na ruhusa ya mwenye akaunti inaona yaliyo hadharani tu. Umri, jinsia na mahali walipo wafuasi ni makadirio. Ndiyo maana HypeAuditor inaweza kukupa picha moja na programu nyingine ikakupa tofauti kabisa, kwa akaunti ileile.

Zikitofautiana, usitafute wastani. Tofauti hiyo ndiyo inayokuonyesha pa kuchimba. Mwombe mhusika akurekodie skrini akiwa anapitia takwimu zake ndani ya mtandao. Video fupi ni bora kuliko picha, maana picha huhaririwa kirahisi. Tazama pia grafu ya wafuasi. Ikiruka ghafla bila chapisho lolote lililosambaa, muulize. Wakati mwingine sababu ni halali, kwa mfano shindano la zawadi, ingawa wafuasi wa zawadi mara nyingi hawakai.

Linabaki swali la kuaminiwa, nalo sijaona programu inayolijibu. Soma maoni, tena ya machapisho ya kawaida, si yale yaliyovuma. Je, watu wanauliza maswali ya kweli, au ni emoji tupu kutoka kwa akaunti zilezile? Yeye anawajibu? Pitia na matangazo yake ya nyuma: lebo ya ushirikiano wa kulipwa, ambayo Instagram iliileta mwaka 2017, inasaidia kuyatambua, japo si wote wanaoiweka. Mtu aliyesifia bidhaa mbili zinazoshindana ndani ya muda mfupi simpeleki kwa mteja, hata awe na wafuasi wengi kiasi gani.

Kabla hujalipia programu kwa mwaka mzima, omba muda wa majaribio. Ingiza majina ya watengeneza maudhui uliokwisha kufanya nao kazi, ambao takwimu zao halisi unazo, ulinganishe. Halafu ifanyie programu ya pili vivyo hivyo, kwa majina yaleyale.