Re: Spider-Man nianzie wapi? Mimi nilianzia alipoachia mtalii

Ndugu, umeuliza uanzie wapi, maana kila toleo unalofungua linakurudisha kwenye mengine kumi na umeshachoka kabla hujaanza. Mimi sikuwa na pa kuchagua.

Nimekulia Malindi. Miaka ya 90 ami yangu alikuwa akitandika vitanda kwenye hoteli moja upande wa Casuarina. Wageni wa Kiitaliano wakiondoka walikuwa wakiacha chumbani mafuta ya kujipaka, ndara na vitabu vya katuni. Ndara alivaa yeye, katuni zikawa zangu. Basi Spider-Man nilimjua kwa jina la L'Uomo Ragno, leo toleo hili, baada ya miezi toleo la miaka 2 nyuma, na Kiitaliano changu kilikuwa cha ufukweni tu, cha kuuzia kofia. Bibi aliniuliza huyo ni nani. Nikamwambia mtu wa buibui. Akaitazama picha vizuri: "Na hilo buibui lenyewe liko wapi?"

Nikanunua daftari ili nipange mambo. Safu 3: walio hai, waliokufa, waliorudi. Safu ya tatu ndiyo iliyojaa upesi. May, mke wa ami yake Peter Parker (ndiye Spider-Man akivua barakoa), alikufa 1995 kifo cha kuliza kweli, kisha 1998 akarudi, tukaambiwa aliyezikwa ni mwigizaji aliyekodiwa. Ndoa ya Peter na Mary Jane ya 1987 ilikuja kufutwa na hadithi ya 2007, na anayeifuta ni shetani. Na chini ya vidirisha vya picha kuna vile vijimaandishi vya mhariri, "tazama toleo namba fulani", ambalo kwa Malindi lilikuwa sawa na kuambiwa tazama mwezini.

Kilichonimaliza ni ile hadithi ya nakala, yaani mtu aliyenakiliwa kutoka kwa mwingine (clone), 1994 mpaka 1996. Unaambiwa Peter uliyemfuata miaka yote hiyo ni nakala, na halisi ni huyu Ben Reilly. Waliikusudia iwe fupi, ikauza, wakairefusha. Mwishowe wakageuza tena: halisi ni Peter. Daftari nikalitia chini ya kitanda.

Aliyenitoa hapo ni bibi, bila kujua. Yeye ni mtu wa Kipini, na akisimulia yeye, shujaa Liyongo huuawa na mwanawe, kwa sindano ya shaba ya kitovu. Mzee wa nyumba ya pili akisimulia, muuaji ni mpwa. Walikuwa wakikaa baraza moja na sikuwahi kuwasikia wakiteta kwa hilo. Lakini mwondoe sindano, au mfanye Liyongo afe kitandani badala ya kisimani, amepiga goti na upinde mkononi hata watu wanaogopa kuteka maji, uone kama hawakukufukuza barazani.

Tangu hapo nikiokota toleo natafuta sindano. Ya Spider-Man ni yule mwizi ambaye Peter alimwacha apite, akaenda akamuua Ben, ami yake Peter. Hiyo ipo tangu 1962 na wanaigusa kwa adabu. Mengine ni ya msimuliaji wa usiku ule.

Ukipenda kujua kwa nini vurugu haziishi: Peter alikuwa mwanafunzi wa sekondari 1962, leo angekuwa mzee wa mkongojo, kwa hiyo Marvel, wachapishaji wake, wanausogeza wakati kimyakimya naye anabaki kijana. DC, wachapishaji wa Batman, wao wakizidiwa huvunja nyumba na kujenga upya. Walifanya hivyo 1985 kwa hadithi ya matoleo 12 iliyounganisha dunia zao nyingi ziwe moja, wakafanya tena 2011, magazeti 52 kuanza upya namba 1. Hiyo ya pili ndiyo kichekesho. Walisema mashujaa wamejitokeza kama miaka 5 hivi, lakini Batman hawakutaka kumpunguzia kitu, kwa hiyo katika muda huo huo ameshapitisha vijana wasaidizi 4, kila mmoja akiitwa Robin. Hesabu hiyo usinipe mimi.

Kwa hiyo usianze na shujaa, anza na msimuliaji, na akiondoka una ruhusa ya kuondoka naye. Kwa Spider-Man chukua Ultimate Spider-Man ya mwaka 2000: Brian Michael Bendis akiandika na Mark Bagley akichora, matoleo 111 mfululizo bila kubadilishana. Iliundwa makusudi kwa wasiojua ya nyuma. Ya nakala iache mpaka uwe na hasira za kupoteza.

Mtoto wa kaka yangu nilimpa Ms. Marvel ya 2014, ile ya Kamala Khan, binti wa Kiislamu wa Jersey City anayegeuza vazi lake la kuogelea kuwa vazi la kishujaa. Nikaona nimtayarishe kwanza, nikaanza kumweleza kwamba jina hilo tangu 1977 lilikuwa la mwingine, Carol Danvers, naye alipata nguvu zake kwa...

"Ami," akanikata, "mimi niko ukurasa wa tisa."