Angalieni daftari la kikoba, jibu limo humo

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeuliza kipi kinaanza, ugonjwa kuleta umaskini au umaskini kuleta ugonjwa, na serikali ianze kushika wapi. Mi sio daktari wala mchumi, ni mweka hazina wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, huku bonde la Kilombero, mwaka wa saba huu naandika daftari. Kwa nilivyoona, suala sio kipi kinaanza, suala ni mwezi gani. Niambie mtu kaugua mwezi gani nikwambie kama atapona yakaisha au atapona abaki na deni.

Ngoja nieleze. Sanduku letu lina kufuli tatu, funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, tunakutana jumamosi, hisa moja 2,000 na mfuko wa jamii 500. Mtu akitaka mkopo anasimama anataja sababu mbele ya wenzake na mi naandika. Sasa ukisoma ile sehemu ya sababu utadhani tuna wafanyabiashara hatari kabisa, huyu kuongeza mtaji wa genge la mboga, huyu kununua kuku, yule mafuta ya kukaangia maandazi. Afu cheki tarehe. Februari, Machi, Aprili. Nani anaongeza mtaji wa genge mwezi wa tatu huku kwetu, njia matope matupu, mpunga uko shambani na watu hawana hata hela ya dagaa? Ile ni hospitali bana. Wanaficha kwa sababu mtu akiugua, kwenye mfuko wa jamii anapewa mwisho 30,000 basi, ila mkopo wa biashara unapewa mpaka mara tatu ya hisa zako, kwa hiyo mtu anasema genge. Najua sio genge. Naandika genge.

Kuna mama mmoja, jina naacha. Mwaka juzi mwezi wa tatu alikuwa ng'ambo ya mto kwenye mpunga, analala dunguni, kile kibanda cha kulindia shamba, yeye na watoto. Hapa niseme kitu kuhusu vyandarua maana watu wa mjini wanadhani hatujui. Sisi ndo tulikuwa wa mwanzo mwanzo nchi hii, toka 1997 huku Kilombero na Ulanga vilikuwa vinauzwa kwa bei ya punguzo, watafiti wa Ifakara wakapima wakaona uhai wa watoto wadogo umepanda kwa asilimia 27, afu 2004 ikaja hati punguzo ya wajawazito, baadae vikagawiwa bure. Chandarua tunakijua vizuri sana. Tatizo kimefungwa nyumbani na mtu anakaa dunguni miezi mitatu minne, kafuata shamba, asipokuwepo ndege na nguruwe wanamaliza. Anayekuja kugawa anahesabu vitanda vya nyumba moja wakati familia moja huku ina nyumba mbili kwa msimu. Mbu nao wanajua hilo.

Basi mtoto wake akapata homa, siku ya pili usiku degedege. Ana miaka sita na nusu. Sera inasema chini ya miaka mitano ni bure, na mimi sipingi, lazima mstari uchorwe mahali, ila mbu hajui mtoto katimiza mitano lini. Mtumbwi, bodaboda, zahanati ya kwanza sindano za malaria kali hamna wakaambiwa waende mbele, bodaboda nyingine, kipimo, damu, drip, siku nne kitandani na mama anakula kwa mama ntilie nje ya geti. Jumla 94,000 na kidogo, alinionyesha karatasi. Mtoto kapona, namwona kila siku anapita na daftari zake kwenda shule.

Sasa hiyo hela alitoa wapi. Kikoba alichukua 30,000, iliyobaki akamwendea mnunuzi akamuuzia gunia mbili za mpunga ambao bado uko kwenye maji, haujatoa hata suke, kwa 35,000 moja. Mwezi wa saba gunia lilikuwa 70,000 na waliosubiri hadi Disemba wakauza zaidi ya laki. Angekwenda kwa wale wa kausha damu ingekuwa mbaya zaidi, hao unarejesha kila siku na wanabeba hadi godoro. Baada ya kuvuna akatoa gunia mbili za watu, akarudisha ya kikoba, chakula cha nyumbani, kilichobaki hakikutosha trekta. Akalima kwa mkono heka moja badala ya moja na nusu. Na ile 30,000 ya CHF iliyoboreshwa, bima ya mfuko wa afya ya jamii, iliyokuwa inabeba watu sita wa kaya mwaka mzima, hakukata. Machi iliyofuata akawa palepale dunguni, hana kadi, ana heka pungufu. Hapo mniambie kipi kilianza. Homa ya siku nne imekula misimu miwili.

Ndo maana nasema serikali iangalie mtu analipa LINI kabla ya kuangalia analipa ngapi. Wazee wetu baada ya Azimio la Arusha la 1967 walitibiwa bila kutoa kitu, hela zikaisha, 1993 ukaja uchangiaji, maana yake ulipe siku unayoumwa, yani siku ambayo hufanyi kazi na huna kitu. Mi sijui nani alikaa akaona hiyo ndo siku nzuri ya kumdai mtu. CHF ikajaribiwa Igunga 1996 kurekebisha hilo, ulipe mapema ukiwa mzima, sheria yake 2001, na 2023 bunge likapitisha ya bima ya afya kwa wote. Wazo ni zuri, silipingi hata kidogo. Ila huku waandikishaji niliowaona walikuja Januari na Februari. Mtu anatafuta unga wa kesho we unamwambia 30,000 taslimu. Kule kwenye korosho makato ya kila aina yanapita kwenye chama cha msingi siku ya mauzo na mkulima anazoea, huku mpunga unapimwa kwenye mizani Juni na Julai, hela mkononi, na hamna hata mtu mmoja wa bima amekaa pale na mashine yake. Wauza simu wapo. Wauza vitenge wapo.

Mtaniambia kwa hiari watu hawakati mpaka waugue. Kweli. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ilipata shida hiyohiyo, wazazi wanakatia mtoto anayeumwa tu, mfuko ukalia hasara na 2023 kujiandikisha mmoja mmoja kukasimamishwa wakataka ipitie mashuleni. Lawama ziliangushiwa wazazi. Ila mzazi mwenye watoto wanne na hela ya kadi moja atamkatia nani, yule mzima? Hiyo sio ujanja, ni hesabu ya mwenye kidogo.

Na kuna ile tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, hiyo iliniuma na ikanichanganya pia. Mama yangu alikuwa anaumwa, kaka yuko Dar anatuma kila wiki, kila akituma inakatwa, kila nikitoa inakatwa, na ilikuwa inafika hadi 10,000 kwa muamala mkubwa kabla hawajapunguza asilimia 30 mwezi wa tisa. Wakasema hela ni ya vituo vya afya na madarasa. Nilitukana sana. Afu nikiwa mkweli vituo vilijengwa, kuna tarafa zilikuwa hazina kabisa sasa zina jengo na wodi ya wazazi. Lakini fikiria waliikatia wapi: kwenye hela ya dawa inayotoka kwa mtoto kwenda kwa mama yake. Kulikuwa na njia nyingi za kupata hela ya kituo, wao wakachagua ile inayopita kwa mgonjwa. Na jirani yangu akaanza kutuma hela kwa konda wa basi kukwepa makato, moja ikapotea na hakuna pa kulalamika.

Sisi mwaka jana tukajaribu kidogo. Tulikuwa tunavunja kikoba Disemba, tukahamishia Julai, na siku ya mgao kabla mtu hajagusa hela yake tunamuuliza tukate 30,000 ya bima au tusikate. Kati ya 25 walikubali 11. Machi iliyofuata mikopo ya magenge ikawa minne, ya mwaka wa nyuma ilikuwa tisa. Sitaki kujisifia maana wale 14 waliokataa walikuwa na hoja na mimi sikuwa na la kuwajibu, walisema kadi tunaijua, ukifika dirishani unaambiwa dawa hii nunua nje, sasa nilipe mara mbili? Mmoja kati ya hao 11 yalimkuta hivyohivyo Aprili na kaapa harudii. Yani wizara wakitaka watu wakate bima waanze kujaza kabati la dawa kabla ya masika, hata matangazo redioni hatutayahitaji.

Na wenzangu, ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iliposimamishwa Aprili 2023, hapa tuliona foleni ya kikoba inaongezeka wiki hiyohiyo. Nashukuru imerudi. Ila na yenyewe fomu inauliza biashara gani, haiulizi nani anaumwa nyumbani, kwa hiyo huko nako nadhani kuna magenge mengi ya karatasi.

Jumamosi iliyopita kasimama mwanachama anataka 40,000 ya kuku wa kienyeji. Kuku wake wote walikufa na kideri Disemba, banda ameshachoma kuni. Baada ya kikao nikamvuta pembeni nikamuuliza nani. Akasema bibi. Bibi yake ana miaka 71, hana kitu, na kwa sera mzee asiye na uwezo anatibiwa bure. Daftarini nimeandika kuku.